Wachimbaji wangu wanalipwa kila saa

Kuna watu ambao msimu mpya wa mchezo wa kompyuta wa Path of Exile ukifunguliwa wanaomba ruhusa kazini, wanapika chakula cha siku tatu na kuzima simu. Yaya yangu, yaani kaka yangu mkubwa, anayeishi Johannesburg, ni mmoja wao. Mimi niko Lubumbashi, Kampemba, nina mke na watoto, na kazi yangu ni kuandaa hati za forodha za malori yanayopeleka shaba mpakani Kasumbalesa. Msimu ukifunguliwa, mimi nalala.

Msimu ninaoucheza sasa, Machi 2025, ni Settlers of Kalguur. Ulifunguliwa Ijumaa, tarehe 26 Julai 2024, na kwa saa za huku Katanga ilikuwa saa nne ya usiku. Julai kwetu ni baridi ya koti na blanketi mbili, na Jumamosi asubuhi kulikuwa na malori yananingoja. Sauti za Yaya kwenye WhatsApp nilizisikiliza kesho yake ofisini, moja baada ya nyingine. Kwanza analalamikia foleni ya kuingia kwenye seva. Halafu anacheka peke yake. Halafu, usiku wa manane, ananong'ona kwa sababu mke wake ameamka. Ya mwisho ilikuwa fupi kuliko zote: "Mdogo wangu, amka. Safari hii wametuletea mgodi."

Mgodi! Mtu wa Lubumbashi unamwambia habari ya mgodi. Jioni hiyo hiyo nikaanza kupakua.

Kwa ambaye hajawahi kuucheza: Path of Exile unatengenezwa na Grinding Gear Games, studio ya Auckland, New Zealand. Ulitoka rasmi Oktoba 2013, na ni wa bure. Wewe ni mtu aliyefukuzwa kwao na kutupwa kwenye ufuko wa Wraeclast, nchi ambayo hata maiti hawakubali kulala. Unaua, vitu vinaanguka, unachagua cha kuvaa, unaua vikubwa zaidi. Hadithi ina sehemu kumi. Baada ya hapo kuna ramani, yaani maeneo mengine ya kupigana, na ramani hazina mwisho. Kila baada ya miezi kadhaa studio inafungua msimu: wote mnaanza sifuri, tajiri na maskini kwenye ufuko mmoja, na kunakuwa na jambo jipya ambalo halikuwepo. Msimu ukiisha, mtu wako na mali yake wanahamishiwa kwenye ligi ya kudumu inayoitwa Standard. Huko nina mashujaa kadhaa ambao sijawahi kurudi hata kuwasalimia.

Ule usawa wa ufukoni haufiki Jumapili. Yaya na wenzake Jumapili wako kwenye ramani, wanauziana vitu ambavyo majina yake sijawahi kuyasikia, na bei zinapanda na kushuka kabla mimi sijafika hata sehemu ya tatu. Misimu iliyopita jambo hilo lilinikata hamu. Nilikuwa nafungua mchezo usiku baada ya watoto kulala, naona mti wa ujuzi wenye vituo zaidi ya elfu moja, naona watu wanauza silaha moja kwa mali ambayo mimi siwezi kuichuma kwa mwaka, nafunga laptopu. Safari hii nikajiwekea shabaha moja tu. Nilitaka meli yangu ifike Kalguur. Mabosi wa mwisho, vitu vya adimu, ngazi ya mia moja, hayo yote niliwaachia wenye nafasi.

Meli inaingiaje kwenye mchezo wa kupiga mazimwi? Ni hivi. Watu wa Kalguur wamevuka bahari kuja Wraeclast kutafuta madini, na wameanzisha mji mdogo wa pwani unaoitwa Kingsmarch. Kiongozi wao, Johan, anakukabidhi shughuli za mji. Ukiwa unapigana huku na kule unakutana na madini yamejitokeza ardhini, na kuanzia hapo wachimbaji wako wa Kingsmarch wanayashughulikia. Wayeyushaji wanageuza mawe kuwa vinoo. Wakulima wanalima ngano, mahindi na maboga. Mabaharia wanapakia mnachozalisha, wanakwenda kuuza bandari za mbali, wanarudi na vitu vya thamani, kama maharamia hawajawakuta njiani. Na kila mmoja wao ameajiriwa na wewe, ana jina lake, ana kiwango chake cha ujuzi, na anadai mshahara wa dhahabu kwa saa.

Madini yenyewe ni aina tano: crimson iron, yaani chuma chekundu, ambayo ndiyo unaanza nayo, orichalcum, petrified amber, bismuth, na verisium ambayo ndiyo kila mtu anaitaka. Shaba hakuna. Kobalti hakuna. Nilitafuta. Mji wetu ulianzishwa 1910 kwa ajili ya shaba, bomba la kiwanda na kile kilima cheusi cha mabaki ndivyo vinavyochorwa mpaka leo kila mtu akitaka kuonyesha Lubumbashi, halafu nafika kwenye mgodi wa kwanza wa maisha yangu kama mwenye mgodi, nakuta chuma chekundu.

Mchana mzima nashughulika na katodi, yaani mabamba ya shaba safi, kwenye karatasi: uzito wa kila furushi, namba ya lori, namba ya lakiri, bandari inakokwenda, Durban au Dar es Salaam. Usiku nachagua bandari kwenye skrini, napanga vinoo vya chuma chekundu, naangalia thamani ya mzigo na hatari ya njiani. Mke wangu aliwahi kusimama nyuma yangu na kikombe mkononi, akaangalia kwa muda, akauliza, "Hii siyo ile ile kazi yako?" Nikamwambia hapana, huku hakuna mihuri. Meli ya Kingsmarch inaondoka dakika ile ile unayoiambia iondoke. Mtu aliyewahi kukaa Kasumbalesa na lori lililokosa karatasi moja ataelewa kwa nini jambo hilo tu linatosha kumfanya mtu acheze.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike, yaani mishahara.

Dhahabu katika msimu huu inaanguka kutoka kwa mazimwi unayoyaua. Unaiokota kwa kupita tu, kisha unaiweka kwenye sanduku la mji kwa Johan, na kila saa inayopita mishahara inakatwa humo. Saa za kweli, za ukutani, si saa za mchezo. Umezima laptopu, umelala, umekwenda kazini, umekwenda kanisani: wao wanachimba, wao wanayeyusha, na sanduku linapungua. Likikauka, wanaweka zana chini. Hawagombani na wewe, hawaondoki, wanasubiri tu mpaka ulete dhahabu nyingine.

Yaya ameajiri mji mzima, watu wa ujuzi wa juu kila idara, kwa sababu yeye anacheza usiku kucha na dhahabu inamiminika. Kwangu hesabu ni nyingine. Mtaa wetu umeme unakuja na kuondoka, kuna wakati siku mbili hakuna kitu, na siku hizo mbili mishahara inaendelea kukatwa. Kwa hiyo nachukua watu wachache, wa ujuzi wa chini, mshahara mdogo. Wanachimba polepole. Lakini nikicheza saa moja leo usiku nakuwa nimelipa kesho na kesho kutwa, na nikirudi nakuta kazi imefanyika. Nadhani waliotengeneza msimu huu walifikiria watu wa aina ya Yaya wakiweka mfumo huo, ili wasiache kuua hata dakika moja. Ila faida kubwa tumeipata sisi. Mara ya kwanza tangu nianze kucheza michezo ya namna hii, muda nisiocheza una maana.

Jumapili moja baba mdogo alikuja kwetu baada ya misa, kama kawaida yake. Baba mdogo alifanya kazi mgodini tangu kijana mpaka alipostaafishwa, na magoti yake yanajua kila ngazi ya nyumba hii. Bukari, ugali wetu, ilikuwa bado haijaiva. Nilikuwa nimefungua mchezo nilipe mishahara haraka kabla ya chakula, na yeye akavuta kiti akakaa nyuma yangu. Kwa kawaida michezo ya laptopu haimhusu. Kwake yote ni watoto wanapigana. Lakini safari hii hakukuwa na mapigano, kulikuwa na watu wadogo wanapiga sururu kwenye mwamba mwekundu.

"Hawa ni nani?"

"Ni wachimbaji wangu, Baba mdogo."

Akasogeza kiti. "Wanalipwa?"

"Wanalipwa, Baba. Kila saa."

"Kila saa?" Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. "Si mwisho wa mwezi?"

"Kila saa. Dhahabu ikiisha kwenye sanduku, wanasimamisha kazi palepale."

"Palepale," akasema. Akanyamaza kidogo. "Sisi tulikuwa tunaendelea."

Kila familia ya hapa ina mtu wa namna hiyo, na ina hesabu ya miezi ambayo mshahara haukuja, kwa hiyo sikuuliza. Yeye ndiye aliyeendelea kuuliza. Posho je? Nikamwambia huku hakuna posho, hakuna unga, mshahara peke yake. Hilo halikumpendeza. Akataka kujua nani anapanga kiwango, nikamwonyesha namna ujuzi wa mtu unavyopanga mshahara wake, na kwamba mtu mmoja anaweza kujua kuchimba, kuyeyusha na ubaharia pia, kila kazi kwa daraja lake. Akanyoosha kidole kwenye mchimbaji mmoja wa daraja la chini. "Huyu mpeleke kwenye tanuru. Mtu akizoea tanuru hawezi kukosa kazi." Nikampeleka. Baba mdogo akatikisa kichwa kama msimamizi aliyekabidhi zamu.

Hapo nikamweleza na jambo ambalo nilitamani baadaye nisingelitaja. Kuna wafanyakazi wengine unaoweza kuwatuma kwenye ramani wakapigane badala yako na kukuletea walichookota. Wanalipwa kama wengine. Ila huko kuna hatari, na wengine hawarudi.

"Wanakufa?"

"Wanakufa, ndiyo."

"Na akifa, familia yake inapata nini?"

Nilitazama skrini. Hakuna sehemu yoyote ya kubonyeza kwa ajili ya hilo. Unaajiri mwingine. Nikamwambia hivyo, akacheka kicheko kifupi. "Huyo Johan nilianza kumpenda." Mke wangu akaita chakula, na mezani tukazungumza mambo ya Mazembe.

Tangu siku hiyo akinipigia simu anaanza na "wachimbaji wamelipwa?" ndipo anauliza habari za watoto. Na mimi sijatuma mtu kwenye ramani tena, hata kama Yaya anasema natupa mali. Najua ni picha tu. Lakini swali likishaulizwa ndani ya nyumba na mtu mwenye haki ya kuliuliza, linakaa.

Upande wa kupigana, nimechukua Marauder, yule mtu mkubwa wa mabavu, na ustadi unaoitwa Boneshatter. Msimu huu studio iliongeza sana nguvu za silaha za karibu, baada ya miaka ambayo wachezaji wengi walikuwa wanapendelea mishale na uchawi wa mbali, na mimi sijawahi kupenda kuua kitu nisichokiona vizuri. Boneshatter inafanya kazi hivi: kila ukipiga unajiwekea jeraha linaloitwa Trauma. Majeraha yakiongezeka pigo lako linakuwa zito zaidi, na wewe mwenyewe unazidi kuumia. Ukiwa na mwili wa kuvumilia, unaua kila kitu. Ukijisahau, unajiua mwenyewe mbele ya zimwi ambalo halijafanya lolote. Kwa mtu wa saa moja kwa usiku ni kazi nzuri, kwa sababu vidole havihitaji kukumbuka mambo mengi; unapiga, unasogea, unapiga.

Sehemu kumi za hadithi nilizimaliza taratibu, wiki baada ya wiki, na sikuona ubaya wowote. Watu wa mbio wanaichukulia hadithi kama barabara mbovu ya kufikia mjini. Mimi napenda kusimama. Napenda kusikiliza watu wa vijijini humo wanavyosema, na kwa kuwa mchezo una Kifaransa, mtoto wangu mkubwa anasoma maandishi kwa sauti na kuniuliza maana ya maneno ambayo shuleni hawamfundishi.

Usiku wa Kitava lazima niusimulie. Kitava ndiye zimwi la mwisho wa hadithi, mlaji asiyeshiba, mwili unaojaza nusu ya skrini. Unakutana naye mara mbili, mwisho wa sehemu ya tano na mwisho wa sehemu ya kumi, na kila ukimshinda anakuachia laana: kinga zako dhidi ya moto, baridi na radi zinapungua kwa 30, na haziji kurudi. Jumla 60. Kikomo cha kinga ni 75, kwa hiyo baada ya Kitava wa pili watu wengi wanagundua kwamba wako uchi. Yaya alikuwa amenionya wiki nzima: "Mdogo wangu, usinunue silaha ya sifa. Nunua pete za kinga." Nilikuwa na pete za kinga. Nilikuwa na chupa za dawa zimejaa. Nikaingia.

Tulipokuwa katikati, umeme ukaondoka. Laptopu ina betri, kwa hiyo skrini ilibaki ikiwaka peke yake chumbani, lakini modemu ilizimika. Shujaa wangu akaganda, nyundo iko juu, Kitava naye mikono iko juu, sauti ya muziki inaendelea kama kwamba hakuna kilichotokea. Kisha wote wawili wakatoweka na ukaja ukurasa wa kuingia. Nikapapasa simu chini ya karatasi za kazi. Asilimia kumi na kitu za chaji. Nikawasha mtandao wa simu, nikaunganisha laptopu, vidole vinatafuta herufi za neno la siri gizani. Kutoka chumbani mke wangu akauliza, "Umeme umekatika, au ni wewe umekatika?"

"Subiri kidogo, mama."

Seva inakushikia mahali ulipokuwa kwa muda mfupi tu. Ukichelewa inafuta, unaanza eneo upya. Niliwahi. Nikapita mlangoni, nikamkuta Kitava bado yupo, hana haraka. Simu ikiwa na asilimia sita akaanguka. Nikachukua laana yangu ya pili na furaha yote, nikafunga kila kitu, nikalala bila hata kuangalia ameacha nini.

Nikiwa hapo niseme jambo la kiufundi ambalo litamsaidia mtu. Mchezo una namna mbili za kwenda na seva. Ya Lockstep inakufanya wewe na seva mwone kitu kile kile, ni safi sana, ila mtandao ukisita na wewe unasita. Ya Predictive inakuacha uendelee kutembea huku ikibahatisha seva itasema nini, na ikikosea inakurudisha nyuma ghafla. Kwa seva ya Johannesburg na mtandao wa kawaida wa Lubumbashi usiku, Lockstep inatosha kabisa. Natumia Predictive nikiwa kwenye mtandao wa simu peke yake, mvua ikinyesha.

Soko nalo limebadilika, na kwa sisi hili ni kubwa kuliko mgodi. Ukiacha dhahabu ya mishahara na ada, mchezo huu hauna pesa ya kawaida ya kununulia. Watu wanabadilishana vito vya kazi, Chaos Orb, Divine Orb na vinginevyo, ambavyo vyenyewe vina matumizi. Zamani ukitaka kubadilisha, unamwandikia mtu ujumbe, unasubiri akualike kwake, na kama unataka kidogo hajibu. Mtu tajiri hasimamishi ramani yake kwa ajili ya wateja wa rejareja. Msimu huu ameletwa Faustus, mwenye duka la kubadilishia. Unaweka ombi lako, unalipa ada ya dhahabu, unaondoka. Ombi linabaki pale hata ukizima laptopu. Nimewahi kuweka ombi usiku, umeme ukakatika siku nzima, niliporudi nikakuta limejibiwa na vito vinaningoja.

Kwa vitu vya kuvaa bado ni shida. Ukitaka kuuza upanga au ngao hadharani unahitaji kabati maalum la kulipia, na kulipia kunataka kadi ambayo sina. Pesa ya simu haipiti huko. Makabati ya bure ni manne na yamejaa. Basi navaa ninachookota, vingine navunja, na kila kinachoweza kupita kwa Faustus napitisha kwa Faustus.

Desemba Yaya akaondoka. Tarehe 6 Desemba 2024 ulifunguliwa Path of Exile 2, ukiwa bado haujakamilika, wa kulipia, na watu wa mbio wote wakahamia huko usiku mmoja. Kwa kawaida msimu unadumu miezi mitatu au minne. Settlers ulikuwa umeshafika mwezi wa tano, na mwisho wa Januari 2025 studio ikatangaza kwamba msimu unaofuata wa mchezo wa kwanza umeahirishwa kwa sababu nguvu zao ziko kwenye mchezo wa pili. Watu wamelia sana. Ninawaelewa: mtu aliyemaliza kila kitu Agosti, Februari anafanya nini? Lakini wakati wao wanalia, mimi ndiyo kwanza nilikuwa najenga bandari. Mara zote nimekuwa mtu anayefungiwa duka akiwa bado anachagua, na safari hii mwenye duka kaenda safari akaacha mlango wazi. Kingsmarch imebaki na sisi tuliokuwa nyuma, na ni mahali pazuri.

Naandika haya Machi 2025, na meli imefika Kalguur.

Hiyo ndiyo bandari ya mbali kuliko zote. Zile za karibu, kama Riben Fell, meli inakwenda na kurudi upesi na hatari ni ndogo, na kwa miezi mingi nilikuwa napeleka mahindi na chuma chekundu kwa biashara ya kujikimu. Kwa Kalguur nilikusanya vinoo. Nikavunja vifaa vya majina ambavyo sikuvihitaji, maana vikivunjwa vinatoa unga wa kichawi, na ukiuchanganya kwenye mzigo thamani inapanda. Nikatafuta mabaharia wenye ujuzi zaidi kuliko watu wangu wote wengine. Hao sikuwabania mshahara. Nikabonyeza, nikafunga laptopu, asubuhi nikapanda gari kwenda Kasumbalesa, ambako nilikaa mchana mzima kwa ajili ya lori moja. Niliporudi nyumbani usiku meli yangu ilikuwa imeshatia nanga, maharamia hawakuiona, na lori lilikuwa bado upande wetu wa mpaka.

Ilileta vito vya kutosha kumfanya Yaya acheke kwa heshima, hakuna zaidi. Nimevitumia kununua kinga. Sasa natafuta verisium, ambayo kuipata kunataka kupigana na walinzi wake na kunahitaji mwili mgumu kuliko huu nilio nao, na sijui msimu utabaki wazi mpaka lini. Ukifungwa kesho sitadai kitu. Baba mdogo, yeye, anataka kujua kama mabaharia wamepewa mapumziko kabla ya safari ya pili. Nimemwambia wamepewa. Kusema kweli wamekaa bandarini kwa sababu sina vinoo vya kupakia.

Kama uko hapa Lubumbashi, au Likasi, au Kolwezi, na unataka kuanza: upakuaji ni makumi ya gigabaiti, usijaribu kwa mega za siku. Tafuta mtu mwenye laini ya nyumbani, mwachie diski usiku kucha, umpelekee soda. Kucheza kwenyewe kunakula mega chache kuliko video. Chagua seva ya Johannesburg kwenye ukurasa wa kuingia, usiache ijichagulie. Chukua Marauder. Ukifika Kingsmarch, ajiri watu wawili wa kuchimba na mmoja wa tanuru kabla hujaajiri mwingine yeyote, na weka dhahabu ya siku mbili kwenye sanduku kabla hujalala.